Kati ya Ajali na "Je, Wajua?"

Aliyezoea daladala za alfajiri kutoka Mbagala anaujua mtiririko huu, hata kama hajawahi kuutafakari. Saa kumi na mbili na nusu dereva anaongeza sauti ya redio. Basi limegongana na lori huko Morogoro. Idadi ya waliofariki inatajwa, majeruhi wamekimbizwa hospitali. Mama aliyepakata beseni la vitumbua anaguna, "Jamani, barabara ile." Kinapigwa kijimuziki cha sekunde tatu, kisha sauti ileile iliyokuwa ikihesabu maiti inarudi imechangamka: "Je, wajua? Pweza ana mioyo mitatu!"

"Mitatu, na bado anaishia kwenye supu," konda anajibu huku ananing'inia mlangoni. Gari zima linacheka. Mama wa vitumbua naye anacheka.

Zamani niliona ni utovu wa adabu. Mtu anatokaje msibani akaingia kwa pweza bila hata kuvuta pumzi? Siku hizi naona watangazaji hawakubuni kitu, wamenakili barazani tu. Tusikilize tunavyosalimiana. "Habari za asubuhi?" "Nzuri." Tumeulizwa habari, na jibu limetoka kabla ya habari yenyewe. Baada ya nzuri tatu nne, za nyumbani, za watoto, za kazi, ndipo unaambiwa kwamba mzee wa nyumba ya kona amefariki usiku na mazishi ni saa kumi. Kwenye benchi la kahawa ni vivyo hivyo. Muuza kahawa anagonganisha vikombe, mazungumzo yanaanzia kwenye tanzia, yanapita kwa Yanga, yanaishia kwa mzee mmoja anayeapa kwamba mamba hana ulimi. Hakuna anayekasirika. Habari mbaya haimezwi kavu. Hutafutiwa cha kuiteremshia.

(Mamba anao ulimi, ila umeshikamana na sakafu ya kinywa chake, hawezi kuutoa nje. Nitaeleza baadaye kwa nini nimelazimika kulisema hilo.)

Kwa hiyo ugomvi wangu na "Je, wajua?" hauhusu mahali ilipowekwa. Ninachogombana nacho ni kwamba katika kipindi kizima cha asubuhi hii ndiyo sehemu tunayoibeba hadi kazini, tunayowasimulia wenzetu, tunayoiamini bila kuuliza, na ndiyo sehemu isiyo na mwenyewe.

Nayasema haya nikiwa na deni. Miaka ya nyuma nilifanya kazi ya muda katika kituo kimoja cha redio, jina lake nitalihifadhi, nikiwa msaidizi wa kipindi cha asubuhi. Nilichukua magazeti yangali na harufu ya wino, nilipokea simu, nilihakikisha chai ya watangazaji haipoi, na kabla ya saa kumi na moja alfajiri nilitakiwa niwe nimeandika vijisehemu vitano vya "Je, wajua?". Taarifa ya habari ilikuwa na mhariri. Tangazo la biashara lilikuwa na mdhamini aliyesikiliza kila neno alilolilipia. Hata utabiri wa hali ya hewa ulikuja na jina la mamlaka juu yake. Vijisehemu vyangu vilikuwa na mimi, simu yangu ya mkononi, na usingizi.

Nikaandika kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Nikaandika kwamba mbuni akiogopa huficha kichwa mchangani. Nikaandika kwamba Ukuta Mkuu wa China unaonekana kutoka mwezini. Yote matatu ni uongo. Ubongo unafanya kazi wote, hata tukiwa tumelala. Mbuni huchimba kishimo cha kutagia, kisha huinamisha kichwa kuyageuza mayai, na anayemtazama kwa mbali humwona kama hana kichwa. Ama ukuta ule, Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda anga za juu, aliporudi mwaka 2003 alisema hakuuona, naye hakuwa hata karibu na mwezi. Lakini mimi nilikuwa nimevikuta vyote mahali fulani, vimeandikwa kwa uhakika, na uhakika wa mwandishi mmoja ukahamia kwangu, ukahamia kwa mtangazaji mwenye sauti nzito, ukaingia kwenye daladala.

Simu zilizoingia zilikuwa za shukrani. Mwalimu mmoja aliomba nirudie ile ya ubongo ili awaandikie wanafunzi ubaoni. Nikarudia.

Wiki chache baadaye niliandika kwamba Simba waliifunga Yanga mabao 6-0 mwaka 1978. Mtangazaji hakumaliza sentensi. Taa za simu ziliwaka zote kwa pamoja, kitu ambacho sikuwahi kukiona hata siku ya ajali kubwa. Wa kwanza kuunganishwa alikuwa mzee. Mtangazaji akamwamkia, "Shikamoo mzee wangu." Yule mzee hata marahaba hakuitoa. "Kijana, aliyekuandikia hiyo alizaliwa lini? Ni 1977. Kibadeni katia matatu. Mimi nilikuwa uwanjani." Wa pili alikuwa wa Yanga, naye alisema ni 1977, kwa uchungu wa mtu aliyeulizwa tarehe ya kifo cha baba yake. Wa tatu, wa nne, vilevile. Tukaomba radhi hewani mara mbili asubuhi ile.

Hapo ndipo nilipoelewa. Usahihi wa kijisehemu hautokani na wema wa anayekiandika. Unatokana na nani aliyepo upande wa pili mwenye uwezo wa kupiga simu. Habari za Simba na Yanga zina walinzi milioni kadhaa. Ubongo wa binadamu haukuwa na mlinzi hata mmoja saa hiyo ya asubuhi. Daktari aliyejua ukweli alikuwa wodini, au alisikia akatabasamu, akaona haifai kumgombeza mtu kwa jambo dogo. Na mbuni wa Serengeti hana simu.

Ndiyo maana nikisikia leo mtu akisema mamba hana ulimi, nasimama kumsahihisha hata kama sijamaliza kahawa yangu. Mke wangu anasema ni ugonjwa. Mimi nasema ni kulipa.

Nisije nikaeleweka vibaya. Kipindi cha asubuhi ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Radio One, iliyoanza 1994 katika wimbi la kwanza la redio binafsi baada ya sheria ya utangazaji ya 1993, imelea kizazi kizima na Kumepambazuka. Clouds walikuja na Power Breakfast, East Africa Radio na Supa Breakfast, EFM na Joto la Asubuhi. Majina yenyewe yanajieleza: mengine yana chai ndani yake, na kila kituo kinaamini msikilizaji wake yuko mezani, wakati kwa kweli yuko kwenye foleni ya Kimara akiwa amekanyagwa mguu. Mtangazaji anatakiwa amwamshe mtu huyo, amweleze serikali imesema nini, amwambie kama mvua itanyesha, amchekeshe, amuuzie sabuni, na asimpeleke kituo kingine. Ukimpa ajali, bajeti na kipindupindu kwa mfululizo, anageuza kitufe.

Wenzetu wa Nairobi wamelitatua tatizo hili kwa namna yao. Katika Gidi na Ghost Asubuhi ya Radio Jambo kiungo si pweza, ni ndoa za watu. Gidi ni yule wa Gidi Gidi Maji Maji, kundi lililoimba Unbwogable, wimbo uliotikisa uchaguzi wa 2002. Ghost ni Jacob Mulee, kocha wa zamani wa Harambee Stars. Katika Patanisho mtu anaomba apigiwe simu mkewe au mumewe waliyekosana, na nchi nzima inasikiliza akisamehewa au akikatiwa simu. Nimewahi kuisikiliza nikiwa Mombasa kwenye matatu, na hakuna aliyezungumza mpaka yule mwanamke alipotoa jibu. Ni burudani, ni umbea, na kwa namna fulani ni habari pia. Lakini angalau wahusika wako kwenye laini na wanaweza kujitetea.

Kwetu mhimili wa asubuhi ni magazeti. Mgeni akisikia kwa mara ya kwanza redio inayosoma magazeti ya washindani wake, moja baada ya jingine, Mwananchi, Nipashe, Habari Leo, Mwanaspoti, huona kama mzaha. Si mzaha. Ni ile meza ya magazeti ya kituo cha basi, ambako watu ishirini husimama mikono nyuma wakisoma kurasa za mbele bila kununua, ila sasa imepewa sauti. Wachapishaji walilalamika miaka mingi kwamba redio inawamaliza, na mwaka 2017 Harrison Mwakyembe, aliyekuwa Waziri wa Habari, alivitaka vituo visome vichwa vya habari tu, visizame ndani. Tangu hapo tumezoea ile kauli ya "kwa undani wa habari hii, jipatie nakala yako". Angalieni lakini jambo moja: magazeti yana waziri anayeyagombea, yana wachapishaji wa kulalamika, yana mhariri wa kushtakiwa. Maudhui mengine ya redio yana kamati ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuyasikiliza na kutoza faini. Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, waendesha bodaboda wanazima injini wasikie, na hakuna mtangazaji anayethubutu kukosea hata shilingi. Pweza ameachwa peke yake.

Haikuwa hivi siku zote. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza 1951, na kwa miaka mingi baada ya 1965 redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), nayo ilikuwa na uzito wa msikiti au kanisa. Kabla ya taarifa ya habari zilitangulia ngoma, na hadi leo mtu wa umri wangu akizisikia hunyamaza bila kuambiwa. Mpigaji alikuwa Morris Nyunyusa, kipofu aliyeweza kupiga ngoma kumi peke yake. Mamilioni wamesimamisha mazungumzo kwa ajili ya mikono ya mtu huyo bila kujua jina lake. Ningepewa leo nafasi moja tu ya "Je, wajua?", ningempa yeye.

Redio ile ilikuwa na mambo ya kutufundisha, na iliyafanya kwa uzito wa kuchosha wakati mwingine. Lakini mwaka 1973 ilifanya jambo ambalo bado linanishangaza. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walikaa chini ya mti wakiwa na kitabu na kiongozi wa kikundi, wakasikiliza kipindi kuhusu malaria au kuhara, redio ikazimwa, wakaanza kubishana. Kisha wakaenda kufyeka vichaka na kuchimba vyoo. Maarifa yaleyale ambayo leo yangetolewa kwa sekunde kumi na tano kati ya nyimbo mbili, yalipewa jioni nzima na mtu wa kuulizwa maswali.

Sisemi turudi kule. Nani leo ana jioni ya kukaa chini ya mti kusikiliza habari za kuhara? Na redio moja ya serikali ilikuwa na uongo wake pia, ambao hakukuwa na simu ya kuusahihisha.

Nikitaka kuonyesha ninachokitafuta, kuna kijisehemu kimoja ambacho nadhani kila kituo cha Kiswahili kimekisoma walau mara moja kwa mwaka: vita vifupi kuliko vyote duniani vilipiganwa Zanzibar, dakika 38. Hapo mtangazaji hucheka. Mwenzake huongeza kwamba hata kipindi cha kwanza cha mpira hakijaisha. Nami niliwahi kukiandika, na kicheko nikakiandika pia, kwenye mabano.

Ni kweli. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, muda ambao vipindi vingi vya redio huaga, ndiyo ilikuwa mwisho wa muda ambao Waingereza walimpa Khalid bin Barghash atoke kwenye kasri. Alikuwa ameingia siku mbili kabla, baada ya kifo cha ghafla cha Sultani Hamad bin Thuwaini, bila idhini ya Waingereza ambao tangu 1890 walijihesabu kuwa na kauli ya mwisho Unguja. Saa ilipogonga, dakika chache hazikupita, mizinga ya manowari bandarini ikaanza kulipiga jengo ambalo sehemu kubwa lilikuwa la mbao, ndani yake watu wapatao 3,000, askari, watumishi na watumwa. Wanahistoria wengine wanahesabu dakika 38, wengine 45. Kwa upande wa kasri waliouawa au kujeruhiwa walikuwa takriban 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam, akakaa huko hadi Waingereza walipomkamata 1916. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Watu 500 kwa dakika 38. Ukigawanya, ni zaidi ya kumi na watatu kila dakika. Hii ilikuwa ajali ya basi la Morogoro mara nyingi sana, ila imekaa upande wa pili wa kijimuziki, kwa hiyo tunacheka. Sitaki mtangazaji alie. Ningependa tu aongeze sentensi moja, ya wale 500, halafu aendelee na chai yake. Sentensi moja haichukui sekunde sita. Najua, maana nilikuwa nazipima.

Kijisehemu kingine kilinikuta nyumbani mwezi uliopita. Mpwa wangu, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa anafunga viatu. Redio ikasema: "Je, wajua? Maji ya moto huganda haraka kuliko maji ya baridi! Jaribu nyumbani!" Akaacha kamba.

"Mjomba, kweli?"

Ningeweza kumjibu ndiyo au hapana akawahi shule. Badala yake nilimsimulia habari ambayo redio ilikuwa imeipita kwa mbio, na akachelewa.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aisikrimu: unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi zilikuwa zinagombewa. Mpemba akaona akisubiri atakosa, akatia maziwa yake yangali ya moto. Ya moto yakaganda kwanza. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akataniwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Hukohuko Mkwawa alikuja kuhadhiri Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akanyoosha mkono akauliza swali lilelile, wenzake wakaangua kicheko. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam alilifanyia majaribio, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Leo wanafizikia duniani kote wanaliita jambo hilo kwa jina la kijana wa Magamba. Mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alisomea wanyamapori Mweka na akafanya kazi katika fani hiyo.

"Kwa hiyo ni kweli," mpwa wangu akasema.

Hapo ndipo pagumu. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu mkubwa, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha, na wakaonyesha kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu ndani ya maji, matokeo yanaweza kugeuka. Wengine wanaendelea kubishana nao. Baada ya zaidi ya miaka 50 swali la mvulana aliyechekwa bado halijafungwa, na redio yetu ilikuwa imelifunga kwa alama moja ya mshangao.

Jioni tukaamua kujaribu. Dada yangu huuza barafu za ubuyu, na friza yake huwa imejaa vifuko. Ilibidi tumbembeleze atuachie kona moja, na mtoto akafurahi sana kwamba hata Mpemba aligombea nafasi. Tukachukua vikombe viwili vya bati vinavyofanana, tukapima maji sawasawa, kimoja cha bombani, kingine kimetoka jikoni kinachemka. Akaandika muda kwenye daftari: saa 12:40 jioni. Akavuta kigoda akakaa mbele ya friza kama mlinzi wa benki, akifungua mlango kila baada ya dakika mbili hadi mama yake alipomkemea kwamba anayeyusha biashara.

Saa moja na dakika tano umeme ukakatika.

Ulirudi saa nne usiku, mtoto amelala na daftari kifuani. Asubuhi vikombe vyote viwili vilikuwa barafu tupu. Akavitazama muda mrefu, redio ikiwa inasoma magazeti.

"Sasa mjomba, shuleni nikaseme nini?"

"Kaseme umeme ulikatika."

Akaandika hivyo hivyo, chini ya saa 12:40, akafunga viatu.